Harufu ya Nazi kwenye Breki

Mwanangu Sule,

Ni mimi niliyepaka mafuta ya nazi kwenye breki za gari ya Baba. Mama hajui, Baba hajui, wewe hujui. Mtu pekee niliyewahi kumwambia nilimwambia kama kisa cha mtu mwengine. Nimeliandika mwanzo kabisa ili hata ukichoka na maandishi yangu kwenye mstari wa tatu uwe umeshalisoma linalokuhusu. Gari hiyo usiiendeshe kesho. Wala usiiendeshe leo kwenda kutia petroli.

Sasa naweza kuvuta pumzi, nikueleze.

Ni Jumamosi, tumeshaswali alasiri. Umekwenda kunyoa Wembley, na ukitoka mlangoni ulisema ukirudi utachukua ufunguo ukajaze tangi, ili kesho baada ya alfajiri uingie motowei moja kwa moja hadi Derby, na Jumatatu uanze kujifunza huo ufundi wako wa treni. Mama amelala kabla ya zamu yake. Mimi nimekaa mezani jikoni, na mbele yangu kuna begi lako, sufuria mbili alizokufungia Mama kwa kanga, na mfuko wa mchele kana kwamba Derby hawauzi mchele. Mambo ya kupika na kufua na kuamka ameshakwambia yeye, mara tatu kwa hesabu yangu, na mara zote ulisema "yeah, yeah, Mama." Sina la kuongeza hapo.

Utacheka kuona nakuita mwanangu, mimi niliyekuzidi miaka miwili tu. Lakini Mama ndiye aliyenipa neno hilo. Nilikuwa na miaka tisa alipoanza kwenda kuwauguza wazee wa watu usiku. Baba alikuwa kazini mpaka saa tano, na katikati hapo tulikuwa mimi na wewe na televisheni. Mama akivaa viatu alikuwa ananishika kidevu na kuniambia, "Raya, huyu mwanao mpaka nirudi." Yeye alisema hivyo kama anavyosema mtu anayewahi basi. Mimi nikalichukua kweli. Unakumbuka ile karatasi ya skuli, walipotaka jina la mtu wa kupigiwa ukipatwa na jambo? Uliandika jina langu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na sikuwa na simu.

Na nakuandikia kwa Kiswahili ingawa najua utasoma polepole, midomo ikichezacheza kama ulivyokuwa unasoma juzuu. Skuli wamenifundisha Kiingereza kizuri sana, na humo najua njia zote za kulizunguka jambo. Naweza kukwambia "it's fine" kwa namna kumi na mbili na zote ukaziamini. Kiswahili nilikijua kwenye meza hii hii, Mama akiniuliza "Umefanya nini?" na akingoja jibu. Humu sijui kuzunguka.

Basi nimefanya hivi.

Oktoba ile Baba alipokuwa anakwenda Pemba kumuuguza Bibi, asubuhi ya safari aliiosha gari kama anaipeleka harusini. Aliosha mpaka ndani ya matairi. Halafu akavuta handbreki kwa mikono miwili mpaka ikalia, akatandaza lile turubai la buluu, akalifunga kwa kamba kila pembe, mafundo manne. Ndivyo walivyokuwa wakilaza gari kwao Wete mwenyewe akisafiri, isipigwe na jua wala vumbi. Sote tulisimama tukamwangalia na hakuna aliyesema kwamba hapa London mwezi wa Oktoba hakuna jua wala vumbi, kuna maji tu, na maji yale aliyaoshea gari yeye mwenyewe kisha akayafungia ndani.

Akaniita pembeni. "Raya, kila Ijumaa iwashe, uisogeze mbele na nyuma. Mita moja tu, hapa hapa kwenye uwanja wetu, polisi hawana la kusema. Siku ya kwanza ukishaisogeza, usiirudishe handbreki, iache kwenye gia na uweke tofali. Gari ikilala sana ni kama mgonjwa kitandani, usipomgeuza anafanya vidonda."

"Kwa nini si Sule?" nikamuuliza.

"Sule nikimpa ufunguo ataigeuza mpaka Scotland."

Ulikuwa umesimama dirishani, ukamwonyesha ulimi. Baba akacheka. Akanipa ufunguo mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayeaminika. Hilo neno nimelibeba tangu utotoni, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kama nimelitaka.

Ijumaa ya kwanza nilifungua turubai, nikaingia. Wakati ule ule skuli ilikuwa imetoka. Watoto wanne walikuwa wamekaa juu ya ukuta wetu mdogo wakila chipsi, na yule jirani wa ng'ambo ya njia alikuwa anaosha pipa lake la taka bila haraka yoyote, uso kwangu. Nikawasha, nikatia gia, sikumbuki hata kama niliishusha handbreki. Gari ikaruka kama aliyeshtuliwa, ikazima. Mtoto mmoja akapiga makofi. Makofi tu, Sule, wala hakusema kitu. Lakini nilikuwa nimefeli mtihani wa kuendesha mara mbili mwaka ule, na mara ya pili mtahini aliandika huku akivuta pumzi ndefu, na makofi yale niliyasikia kama ni ya ukumbi mzima. Nikafunika gari, nikaingia ndani.

Haikusogea tena mpaka Machi.

Nilichofanya ni hiki. Kila Ijumaa, asubuhi mapema njia ikiwa tupu, niliiwasha tu, nikasimama nje na simu karibu na boneti nikarikodi muungurumo, nikamtumia Baba. Naye akanijibu kwa sauti, "Mashaallah, naisikia, iko hai." Nyuma yake nikimsikia Bibi anauliza nani huyo, na Baba anamwambia, "Raya, mama. Ananitunzia gari." Ijumaa hadi Ijumaa. Sikusema uongo hata neno moja, ukichunguza. Nilituma sauti ya injini na yeye akaisikia safari iliyobaki mwenyewe. Huo ndio uongo ninaoujua mimi, wa kumwachia mtu aumalizie.

Januari akasema, "Hebu nitumie na picha." Nikafungua turubai lote, mara ya kwanza tangu Oktoba. Ukichungulia kwenye nafasi za rimu unaliona lile sahani la chuma ambalo breki hulibana ili gari isimame. Masahani hayo yalikuwa yamegeuka rangi ya matofali, yote, na ukipitisha kidole unga unabaki kwenye ngozi. Nikaingia ndani nikanawa mikono mara mbili kama nimemgusa maiti.

Sasa fikiri umeikuta kutu kwenye chuma na una miaka kumi na tisa na hutaki kumuuliza mtu. Unafanya nini? Unafanya ulichokiona kwenu. Unaijua mbuzi ya Mama, ile aliyokuja nayo ndani ya sanduku akiwa ameizonga kwa kanga tatu ili ulimi wake usitoboe nguo. Kila akimaliza kukuna nazi anauosha ulimi ule, anaukausha juu ya jiko, halafu anachovya kidole gumba kwenye mafuta ya nazi na kuupaka taratibu. Miaka yote hii ya unyevu wa nchi hii na haujashika hata doa. Mimi nimeliona hilo kila wikendi ya maisha yangu. Nikaona chuma ni chuma.

Mafuta yalikuwa yameganda meupe kama mshumaa. Nikayaweka juu ya redieta ya kupashia moto nyumba mpaka yakalainika, nikafunga kitambaa kwenye mpini wa mwiko, nikaenda nikachuchumaa kwenye baridi nikaanza kusugua. Magurudumu ya mbele. La kushoto nililipaka likakolea, kwa sababu upande ule una nafasi. La kulia limebanana na uzio, nikaligusa kidogo tu. Kutu ikalainika, ikafutika, na chuma kikaanza kung'aa. Nilifurahi, mwanangu. Nisikufiche hilo pia. Nilikaa pale nimepiga magoti kwenye barafu iliyoyeyuka nikaona nimeshinda. Nikapiga picha nikamtumia Baba, naye akajibu, "Hizo breki mbona zinang'ara kama dhahabu! Mtoto wa kike huyu!"

Machi ukapata leseni, Baba akasema gari uchukue wewe, yeye hajui atarudi lini. Siku unaifungua nilisimama mlangoni. Ukatia gia, ikagoma. Ukaongeza mafuta, nyuma imeng'ang'ana kama kuna mtu kaishika. Halafu ikatoka, pa! Jirani wa ng'ambo akaja mpaka nje na slipa.

"Imeamka!" ukapiga kelele dirishani. "Dada, umeona? Imelala winter nzima, imeamka!"

Ukazunguka mtaa mara mbili ukarudi. Breki zikawa zimepata moto, na uwanja mzima ukajaa harufu. Ukashuka, ukainua pua juu kama paka.

"Nani anapika wali wa nazi? Dada, naapa gari inanukia kama jikoni kwa Mama."

Nikacheka. Nilicheka na wewe, Sule. Ndipo ukasema, "Nikifunga breki inavuta kulia kidogo. Ni kutu tu, bana. Nimeona video, ukifunga mara kumi inakwanguka yenyewe." Na ni kweli, kutu nyepesi inakwanguka hivyo. Hukukosea popote. Ulikuwa unakosa kitu kimoja tu cha kujua, na kitu hicho kilikuwa kimesimama mlangoni kinacheka.

Kuna jambo jengine la zamani nataka kulitoa hapa hapa, kwa sababu ni hili hili.

Ulikuwa na miaka saba. Tulikuwa tunarudi madrasa, ilikuwa siku ya mechi, na barabara ya kwenda uwanjani ilikuwa mito ya watu wenye skafu. Nilikushika mkono. Ukasimama kumwangalia yule mwanamume wa kuuza bendera, mkono ukateleza, na nilipogeuka hukuwepo. Uliambiwa siku zote kwamba wewe ndiye uliyekimbia. Mimi ndiye niliyemwambia Mama hivyo. Hukukimbia. Na la pili, ambalo sijawahi kulisema hata kwenye dua: sikukuita. Nilitembea nusu saa nikikutafuta kwa macho, machozi yananitoka, na sikufungua mdomo. Nilikuwa nafungua, nalipata jina lako kwenye ulimi, nawaona watu wale wakubwa wote watageuka kuniangalia, nameza. Nilikupata kwenye duka la yule mama wa Kihindi, umekaa juu ya kreti, umepewa juisi ya embe. Hukulia. Uliniambia, "Mimi nilikuwa nakuita. Wewe mbona hukuniita?"

Mama akakunyima baiskeli wiki mbili. Ulinitazama mara moja alipokuwa anakugombeza, ukanyamaza. Mpaka leo sijui kwa nini ulinyamaza. Nadhani ulidhani ndivyo mambo yalivyokuwa, kwamba dada akisema umekimbia, basi umekimbia.

Wiki iliyopita mezani ulitusimulia, unacheka, mdomo umejaa chapati, jinsi ulivyokaribia kupitiliza na gari kwenye kivuko cha watembea kwa miguu, na katikati yake yupo mwanamke mwenye kigari cha mtoto. "Nimekanyaga breki yote, gari inaniambia subiri kidogo," ulisema. Mama akakupiga kofi la bega, akasema uwe mpole na mguu wako. Nikaamka nikaenda kufungua maji ya bomba ili nipate sababu ya kuwapa mgongo.

Alhamisi nikaenda kwa Mzee Kanti. Unamjua kwa jina, yule fundi mwenye karakana nyuma ya maduka ya Kenton, ambaye Baba humwita "mtu wa Tanga" kwa sababu alizaliwa huko na Kiswahili chake kina chumvi kuliko chetu. Nilisimama nje dakika nyingi nikijifanya nasoma bango la matairi. Akanitolea kichwa chini ya gari.

"Weye binti unasubiri basi? Basi halipiti humu."

Nikamwambia nina rafiki. Rafiki huyo gari ya baba yake ilikaa majira ya baridi yote, ikashika kutu, naye akaipaka mafuta.

"Mafuta gani?"

"Ya nazi."

Aliinuka akakaa. Akaufuta mkono wake kidole kimoja kimoja. "Kapaka wapi? Nywele?"

"Breki."

"Ya nazi. Kwenye breki." Akamwita kijana wake wa ndani kwa Kigujarati, sauti ya huko ndani ikacheka naye, halafu yeye akawa wa kwanza kuacha. "Sikiliza, mama. Kutu ya juujuu si kitu, mvua ya usiku mmoja inaileta na breki tatu zinaiondoa. Rafiki yako angeiacha vile vile ingekuwa afadhali. Breki inashika kwa sababu ni kavu. Zile pedi zinazolibana sahani ni kama sponji, zikishakunywa mafuta hazitapiki, ni za kutupa. Alipaka pande zote sawa?"

"Kushoto zaidi."

"Basi kulia inashika, kushoto inateleza. Ukifunga breki gari inakwenda inakoshika. Kulia katika nchi hii kuna nani?"

Nikageuka nikaitazama barabara.

"Kuna wanaokuja," akasema. "Na nyuma je? Ilikuwa imenata?"

Nikamwambia ilitoka kwa kishindo.

"Basi na nyuma pedi imebanduka, kipande kimebaki kwenye chuma. Anaiendesha nani hiyo gari?"

"Mdogo wake. Jumapili anakwenda Derby."

Mzee Kanti alinitazama mikono. Nilikuwa nimeifungia ndani ya mikono ya sweta, kama ninavyofanya, unanijua. Akasema taratibu, wala si kwa ukali, "Mwambie rafiki yako anipe anwani yake sasa hivi. Kesho Ijumaa nakuja mwenyewe na gari ya kuvuta. Haina haja mtu kuiendesha. Nafungua zote nne, naweka mpya, Jumapili kijana anaondoka salama."

Nikasema, "Nitamuuliza."

Nitamuuliza! Nilikuwa na anwani yetu mdomoni kama nilivyokuwa na jina lako siku ile. Nikarudi nyumbani na basi, na Ijumaa ikaja na ikapita, nikaiangalia ikipita.

Nataka nikueleze kwa nini, na hapa ndipo ninapotaka kuikunja karatasi. Aibu ilikuwepo. Nikimleta fundi, Baba atajua haikusogea, atajua kila ile sauti ya Ijumaa ilikuwa nini. Lakini aibu ningeimeza. Kulikuwa na kitu chini yake. Alhamisi ile kwenye basi nilifikiri, kama gari ni mbovu, hawezi kwenda. Niliwaza hivyo, nikapata raha. Niliwaona mimi na wewe jikoni hapa Jumatatu, unalalamika, nakukaangia mayai. Nilitaka ibaki mbovu, nilitaka ijulikane dakika ya mwisho, yenyewe, bila mimi kusema. Nilingoja gari inisemee. Na jana usiku nilipokuwa nakukunjia mashati nikagundua kwamba gari haitasema uwanjani hapa. Ikisema, itasemea kule motowei, malori kushoto na wanaokuja nyuma, na wewe peke yako ndani umewasha redio.

Sijui kukupa mawaidha. Wazazi wa kweli pengine wanayo, mimi nilikuwa mzazi wa kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tano. Ninachokijua ni kidogo. Ile kutu haikuwa kosa. Kila gari hapa mtaani ilikuwa nayo mwezi ule, hata za watu wanaoziendesha kila siku. Ningemwambia Baba "imeshika kutu," angesema "haya, isogeze," na ingekwisha. Nilichoharibu ni pale nilipotaka ing'ae. Kila ukinikumbuka nikiwa nadhifu, nimekunja kila kitu, "Raya hana matatizo," ujue kuna mahali nimepaka mafuta. Na najua nawe umelijifunza kwangu kidogo. Nimekuona ukicheka ile hadithi ya kivuko. Ulikuwa umeogopa, Sule. Na hapa nyumbani hakukuwa na mtu wa kumwambia kwamba umeogopa, kwa sababu mtu wako alikuwa amekupa mgongo anafungua bomba.

Ukifika huko, ukiogopa, niambie umeogopa. Usinitumie muungurumo tu.

Sasa la kufanya, maana najua unaruka mistari kulitafuta. Kabla sijaanza barua hii nilimtumia Mzee Kanti anwani yetu. Akajibu neno moja, "Nilisubiri." Atakuja Jumatatu asubuhi kuivuta. Nimemwambia pia kwamba rafiki yangu ni mimi, akasema alilijua hilo kabla sijamaliza kutamka nazi. Kesho kuna basi la masafa marefu la saa nne asubuhi, litakufikisha mchana. Sikukukatia tiketi, safari ni yako, uamue mwenyewe. Gari ikiwa tayari utakuja kuichukua wikendi utakayotaka, na nitakaa kiti cha pembeni mpaka mwisho wa mtaa nikunusie kama kuna wali. Na Baba nitamwambia mimi, leo, akipiga simu baada ya isha. Naomba usinisemee. Ukiona nimeanza kuzunguka, nikanyage mguu chini ya meza.

Utakasirika. Umewaambia marafiki zako wote unakwenda na gari. Umeiosha jana, nilikuona, umeiosha ndani ya matairi kama Baba. Kasirika, ni haki yako, na wala sitasema it's fine.

Mlango wa mbele umelia. Ni wewe, nazijua hatua zako, unavua kiatu kimoja ukiwa unatembea na kingine unakipiga teke. Sasa uko ukumbini. Unauimba ule wimbo wako bila maneno. Unauliza kwa sauti ya chini, usimwamshe Mama, "Dada, ufunguo uko wapi?"

Mkono wangu umeshainua kitambaa cha meza. Haukuniomba ruhusa, umezoea. Nusu ya karatasi imeshaingia chini yake na naandika kwenye nusu iliyobaki.

Naitoa.

Ufunguo uko hapa, nimeuweka juu ya jina lako pale mwanzo wa barua. Huwezi kuuchukua bila kuona mstari wa kwanza. Hatua zako zimesimama mlangoni, unadhani sipo kwa sababu sijaitika. Naacha kalamu, Sule. Mama ataamka na jirani atasikia na haidhuru. Nakuita.